Fimbo ya Chuma Kuizunguka Kampala

Asubuhi ya Jumatatu tuliondoka Katwe watu watatu, bila mpango wowote, kwa sababu ya karatasi niliyoiokota kwenye pipa la taka.

Niwaeleze kwanza, ninyi wa Singida mnaoniuliza kila mara ninachokifanya huku. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo nimekaa miji mingi, kila mmoja nikauacha siku nilipoona nimeshazijua njia zake. Kampala imenishika mwaka wa tatu sasa kwa kuwa njia zake haziishi. Kazi yangu iko Wandegeya, kwenye duka la kuchapa na kujalidi, jirani na chuo kikuu. Wanafunzi huleta maandishi yao, mimi hutoboa matundu na kubandika majalada, na kabla sijabandika huwa nasoma. Nimesoma juu ya maradhi ya migomba, juu ya sheria za ardhi, juu ya chura mmoja anayepatikana milimani tu. Ndiyo maana rafiki zangu wananidhihaki kwa jina la Profesa.

Wiki moja kabla ya safari, mashine yetu ilitoa ramani ya vilima na vinamasi vinavyoizunguka Kampala, wino ukaisha katikati ya kazi. Magharibi na kaskazini kila kilima kilionekana, kimezungushiwa mistari kama alama za vidole vya mtu. Mashariki palibaki peupe. Mwanafunzi alichukua nakala nyingine, hii ikatupwa. Nikaikunja, nikaipeleka Katwe kwa Wafula.

Wafula ni Mkenya, mtu wa Bungoma, fundi wa mageti ya chuma. Katwe kila kitu ni chuma: majiko, masufuria, mashine za kukamua alizeti, na kelele ya nyundo kutoka asubuhi mpaka jioni. Miezi minane iliyopita mnyororo ulikatika karakanani, geti likamwangukia mguu wa kulia. Hospitali ya Nsambya walimtibu, wakamtoa plasta, wakamwambia mfupa umeunga, sasa atembee. Hakutembea. Alikaa kwenye kiti mlangoni akiwatazama wenzake wakichomelea, na tangu siku ile hakuligusa geti tena. Kaka yake mkubwa alikuwa amepiga simu: Jumapili anakuja na gari kumchukua, arudi nyumbani akafuge kuku.

Nilimwonyesha ramani. Alizungusha kidole juu ya vilima vyake.

"Hii unazunguka kwa siku ngapi?"

"Sijui. Nne, tano. Sita kwa mguu wako."

"Sikia, Profesa. Mimi nitazunguka na wewe. Nikimaliza kwa miguu, nabaki, bosi amesema nafasi yangu ipo. Nikipanda boda hata mara moja, kaka akija ananikuta nimefunga mizigo."

Hilo ndilo dau aliloliweka, na hakulisema kwa mzaha.

Wa tatu ni Twaha. Babu wa babu yake alikuja Buganda na misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani, na ukoo wao haukurudi tena. Ana duka la kanzu na shuka kule Kibuli, na anasema Kiswahili kizuri kuliko changu, jambo ambalo hanisahaulishi. Alikuja asubuhi ile na chupa ya chai ya tangawizi, akaona kitu alichoshika Wafula, akaiweka chini chupa ili acheke vizuri.

Wafula alikuwa amejitengenezea fimbo ya kutembelea. Mtu mwingine yeyote angekata mti. Yeye alichukua bomba la maji la chuma, akakunja mshikio juu, akachomelea, akapiga msasa mpaka likang'aa, na chini akavisha kipande cha mpira wa tairi.

"Wafula, ndugu yangu," alisema Twaha, "umetengeneza fimbo au nguzo ya umeme?"

"Hii haivunjiki."

"Haivunjiki, ndiyo. Utavunjika wewe."

Niliinyanyua. Ilikuwa nzito kama debe la maji. Lakini yeye ni mtu wa Katwe, na mtu wa Katwe haegemei kitu ambacho hakuna moto uliokigusa. Tukaondoka.

Ndeeba, saa nne asubuhi. Huku ni mbao badala ya chuma: vitanda, makabati, majeneza, na vumbi la mbao linaloelea hewani kama unga. Hapa ndipo nilipoanza kuliona jambo ambalo kwa miaka mitatu nilikuwa nalisikia bila kulisikiliza. Mama mmoja aliyekuwa akimenya ndizi kando ya njia aliinua kichwa, akamwona Wafula akija na bomba lake, akasema, "Gyebale ko, ssebo."

Hii ni salamu ya Waganda. Ssebo ni bwana, nnyabo ni bibi. Gyebale ni ahsante kwa kazi. Hawamshukuru aliyewafanyia wao kazi. Wanamshukuru yeyote wanayemwona anajitahidi, mlimaji, mbeba maji, mpita njia. Desturi inataka ujibu kale, yaani sawa, kisha umshukuru naye kwa ya kwake. Mimi nilijibu, Twaha akajibu. Wafula alipita kimya.

"Mbona humjibu mama wa watu?" aliuliza Twaha.

"Ananishukuru kazi gani? Mimi nina miezi nane sijashika hata nyundo. Nikijibu ni uongo."

Tukaendelea, bomba likigonga lami, ng'o, ng'o, ng'o.

Nateete, jioni ya siku ya kwanza. Tulikuwa tumekwenda mwendo ambao mtu mwenye miguu mizima huumaliza kwa saa moja na nusu, nasi ulituchukua siku nzima. Tukalala kwa shangazi yake Twaha. Hapa niseme kwamba Twaha ana shangazi kila mtaa. Ukoo wao umetawanyika mjini na maduka yao, na popote palipo na msikiti wa zamani, mlango wa tatu au wa nne kutoka hapo kuna mtu wa kumwita kwa jina la utotoni. Shangazi wa Nateete alitupa pilau, akaitazama fimbo, akauliza kama sisi ni mafundi bomba.

Jumanne, saa moja asubuhi, tulifika Busega, na hapo mji uliisha ghafla. Sijui nilielezeje hili kwenu mliozoea ardhi kavu. Mbele yetu palikuwa na kinamasi cha Lubigi, mafunjo marefu kuliko mtu, kijani mpaka macho yanauma, na ukungu umelala juu yake kama maziwa yaliyomwagika. Nyuma yetu magari yalipiga honi. Mbele palikuwa na ndege tu. Korongo wakubwa wenye upara walisimama majini kama wazee waliopoteza hati zao. Nilisimama mdomo wazi. Miaka mitatu nimeishi saa moja kutoka hapa, nikidhani mji huu ni vilima tu, kumbe vilima ni visiwa. Maji ndiyo yanayoushika mji, kila upande, kimyakimya, na watu wamejenga juu ya kilichobaki.

Twaha alimimina chai kwenye kifuniko, akasahau kuinywa.

Tulipita ukingoni, kwenye mashamba ya magimbi na tanuri za matofali. Njia nyingine ilikuwa ubao mmoja juu ya matope. Fimbo ilizama mpaka nusu, tukaivuta wote watatu kama tunavuta jino. Wanaume waliokuwa wakifyatua matofali walitupigia kelele: "Bannange, jamani! Mnapereka wapi hiyo chuma? Mnachimba mafuta?" Kisha, baada ya kucheka, mmoja mmoja: gyebale, gyebale, bassebo. Wafula alitazama matope.

Saa tisa mvua ikatukuta karibu na barabara kubwa ya mzunguko. Si mvua ya kuonyesha dalili. Ilishuka yote kwa pamoja. Tulijibanza chini ya daraja pamoja na madereva wa boda watano na pikipiki zao. Mmoja wao, kijana mnene mwenye koti la mvua la zambarau, aliuona mguu wa Wafula ukitetemeka.

"Mzee, panda. Mimi naenda Kawempe hata hivi. Sitaki kitu."

"Asante. Natembea."

"Ni bure, ssebo!"

"Najua ni bure. Ndiyo maana naogopa."

Yule kijana hakuelewa, lakini mimi nilimwona Wafula akikitazama kile kiti cha nyuma kama mtu mwenye njaa anavyotazama sahani ya jirani. Mvua ilipokatika aliondoka wa kwanza.

Kawempe tulilala kwa mjomba wake Twaha. Jumatano tulivuka Kyebando na Kisaasi, tukipanda na kushuka, tukipanda na kushuka, maana Kampala hakuna njia ya tatu. Nilianza kuujua mwendo wa Wafula kwa masikio. Akiwa na nguvu bomba liligonga mara moja kila hatua mbili. Akichoka liligonga kila hatua. Adhuhuri, juu ya mgongo wa kilima, niligeuka nikaona vilima vyote tulivyovizunguka vimekaa kwa mduara, minara ya misikiti na misalaba ya makanisa kileleni, kila kimoja na mabati mekundu yakiteremka ubavuni, na katikati yake majengo marefu yamejikusanya madogo, ungeweza kuyafunika kwa kiganja. Nilifanya hivyo. Niliufunika mji wa Kampala kwa kiganja changu, kisha nikakiondoa, bado ulikuwepo. Twaha aliniuliza kama jua limenipiga.

Usiku huo tulilala Ntinda, kwa binamu. Asubuhi ya Alhamisi, mbele ya sahani ya katogo, ndizi zilizopikwa na maharage chungu kimoja, niliikunjua ramani.

"Leo tunaingia peupe," nikawaambia.

Mistari ya vilima iliishia pale. Wino ulipauka, ukawa vitone, ukawa karatasi.

"Nani wako upande huo?" nilimuuliza Twaha.

Alifikiri. Alihesabu kwa vidole. "Hakuna."

"Hakuna shangazi hata mmoja?"

"Hata wa kambo. Wazee wetu walifika hapa wakachoka."

Tulipita Kireka, tukaiacha barabara kuu ya Jinja, tukashika njia ya udongo mwekundu iliyoelekea kusini. Maduka yakapungua. Migomba ikarudi, na michikichi, na ng'ombe waliofungwa kamba mbele ya nyumba ambazo hazijaisha kujengwa. Sikujua jina la kilima kilichokuwa mbele yetu, wala kilicho nyuma yake, na moyo wangu ulikuwa mwepesi kama wa mtoto aliyetoroka. Sikulisikiliza bomba. Lilikuwa likigonga kila hatua, kisha mara mbili kila hatua, kisha likanyamaza.

Niligeuka. Wafula alikuwa ameketi kwenye jiwe chini ya mteremko, mguu ameunyoosha, fimbo magotini. Mbele yetu njia ilipanda kama ngazi.

"Imetosha," alisema.

"Pumzika kidogo, tutakwenda polepole," alisema Twaha.

"Sijasema nimechoka. Nimesema imetosha. Kila mtu ananiambia ahsante kwa kazi, tangu Jumatatu. Kazi iko wapi? Mimi ni mtu anatembeza bomba." Alijifuta uso kwa shati. "Profesa, nenda uniitie boda."

Nilimtazama Twaha. Twaha alikuwa akimmiminia Wafula chai. Kiapo kilikuwa cha Wafula, na mguu ulikuwa wake.

Nilipanda kilima peke yangu kutafuta boda, na nakiri nilipanda polepole. Upande wa pili hapakuwa na kituo. Niliteremka mpaka kwenye duka moja, nikangoja, mpaka akatokea dereva mmoja mzee mwenye kofia ya sikukuu ya Idi na pikipiki iliyofungwa waya kila mahali. Nilimweleza kwamba nina mgonjwa. Akaniambia panda. Nikamwambia mimi nitatangulia kwa miguu, maana niliona aibu kupanda kabla ya Wafula. Alinifuata nyuma, taratibu, akinong'ona kwamba Watanzania ni watu wa ajabu.

Nilirudi kwenye jiwe. Jiwe lilikuwa tupu. Twaha hayupo, Wafula hayupo, chupa ya chai imeachwa imelala kwenye nyasi.

"Mteja yuko wapi?" aliuliza dereva.

Niliwaza mambo mabaya, kwamba ameanguka, kwamba amebebwa. Kisha nikasikia chuma kikigonga chuma, juu, kushoto, kwenye kijia kilichopanda wima kuliko hata njia yetu. Tulikipanda, mimi nikikimbia, dereva akisukuma pikipiki.

Juu palikuwa na ua wa matofali na geti kubwa la chuma la bawa moja, limetoka kwenye bawaba zake na kuegemea ukuta. Mama wa makamo, amejifunga gomesi, gauni refu la Kiganda, kiunoni kwa kamba ya mgomba ili afanye kazi, alikuwa amelishika upande mmoja. Twaha alikuwa upande wa pili, kanzu imejaa kutu. Na chini, amepiga magoti kwenye matope kwa magoti yote mawili, alikuwa Wafula. Ameweka jiwe, ameingiza fimbo yake chini ya geti, anasoma pembe kwa jicho moja.

"Nani alining'iniza geti hii?" alikuwa akifoka. "Nani?"

"Fundi," alisema mama.

"Fundi wa nini? Wa mandazi? Bawaba iliingia nusu tu! Hii hata mbuzi angeiangusha. Mama, toa mguu wako hapo. Toa! Ingekuangukia. Mimi najua vile inaangukia mtu."

Twaha alinieleza baadaye. Walikuwa wameketi pale chini walipomsikia mama yule akipiga yowe: geti lilimtoka mikononi, likakosa mguu wake kwa upana wa kiganja. Wafula alisimama. Hakusema neno. Alikipanda kijia kile chote na bomba begani. Begani, si mkononi.

Sasa aliniona. "Profesa, usisimame kama mnara. Shika hapa. Na huyu ni nani?"

"Dereva wa boda."

"Ana mikono? Na yeye ashike."

Dereva alinitazama. "Mteja ndiye yupi?"

"Ni huyo anayekutuma."

"Ah," alisema mzee, akavua kofia yake, akaitundika kwenye kioo cha pikipiki, akashika.

Wafula aliikandamiza fimbo kwa uzito wake wote. Niliuona mguu wa kulia ukikaza, na niliona uso wake lile geti lilipoanza kupanda na kumwinamia. Alikuwa anaogopa. Kwa pumzi mbili nilidhani ataliachia. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kama anaongea na mnyama, "Kuja, kuja, kuja," na matundu yakazikuta pini, geti likakaa mahali pake kwa mlio mzito. Mama akalisukuma kwa kidole kimoja. Likafunguka bila kelele.

Wafula hakuwa amemaliza. Aliona kwamba komeo halipo; kwenye geti na kwenye nguzo kulikuwa na pete za chuma, na mama alikuwa akizifunga kwa kamba. Aliitazama fimbo. Akaikagua juu mpaka chini, kisha akauchomoa ule mpira wa tairi, akautia mfukoni, na kulipitisha bomba kwenye pete. Liliingia. Lilicheza kidogo, lakini liliingia, na ule mshikio uliokunjwa ukaja kukaa kwenye pete ya mwisho kama umepimwa.

"Lakini hiyo ni fimbo yako," alisema mama.

"Ilikuwa nzito," alisema Wafula.

Mama akapiga magoti kidogo, kama wanavyofanya wanawake wa huku wanapotoa heshima, akasema, "Gyebale ko, ssebo. Gyebale nnyo."

Wafula alikuwa akijipangusa matope. Aliacha. Twaha alinishika mkono, akanifinya.

"Kale, nnyabo," alisema Wafula. "Na wewe gyebale."

Dereva alivaa kofia yake, akapigapiga kiti cha nyuma akimtazama Wafula, akajibiwa "Natembea," akatuambia nasi gyebale, akateremka zake bila abiria.

Kirinya, jioni. Hilo ndilo jina la kilima kile. Mama alilitaja, nami nikaliandika kwa kalamu kwenye sehemu nyeupe ya ramani, jina moja peke yake katikati ya karatasi. Mama anaitwa Nalongo, kwa kuwa amezaa mapacha, na nyuma ya nyumba yake ana safu ya vyumba vya kupangisha. Kimoja kilikuwa kitupu. "Mtalala hapo," alisema. Hakuuliza sisi ni nani, wala tumetoka wapi. Alikuwa ameshatuona tukifanya kazi.

Kabla jua halijazama alitupeleka nyuma ya ua, akasogeza majani ya mgomba, nikaliona ziwa. Lilikuwa chini yetu kabisa, pana, halina upande wa pili, rangi ya bati jipya, mafunjo yamelizunguka na visiwa vimelala ndani yake. Upande ambao ramani yangu haikuwa na kitu, hicho ndicho kilichokuwapo. Nimezunguka miji mingi nikidhani najifunza njia. Sijawahi kukaa mji mwingine ambao mtu akikuona unahangaika barabarani anakushukuru kwanza, kabla hajajua kama hangaiko lako lina maana, na kukuachia wewe kazi ya kulitafutia maana. Nilisimama pale mpaka Twaha akaniita mara tatu.

Chumba kilikuwa na mkeka mmoja na kitanda kimoja cha chuma. Twaha alikuwa tayari kwenye mkeka, akilalamika kwamba sasa itabidi aoe hapa ili apate shangazi. Wafula aliketi kitandani, kikayumba. Akainuka. Akakitikisa kwa mkono, akainama, akaona mguu mmoja mfupi.

Alitia mkono mfukoni, akatoa kile kipande cha mpira, akakiweka chini ya ule mguu. Akakitikisa tena. Kitanda kilisimama.